Unene au Kusubiri

Mwaka wa tatu wa masomo yangu ya uzamivu nilirudi nyumbani Idete kwa wiki tano, nikiwa na kompyuta, daftari mbili za maabara na sura moja ya tasnifu iliyokuwa imegoma kukamilika. Ulikuwa msimu wa mavuno. Mama alitoka alfajiri kwenda shambani, mimi nikabaki mezani, na karibu kila siku ikifika saa nne betri imekwisha na umeme haujarudi. Ndipo nikaanza kupanda bodaboda kwenda Ifakara, kwa rafiki yangu wa shule aliyekuwa amepanga nyumba Lumemo. Alikuwa na sola ya kutosha kuzungusha feni na kuchaji kompyuta kwa pamoja.

Tulisoma naye kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Fizikia alinishinda, na alinishinda bila kuhangaika. Mimi nilikariri, yeye aliuliza. Baba yake alifariki tulipokuwa tunasubiri matokeo, akachagua kozi ya maabara ya tiba kwa kuwa ilikuwa fupi na ajira yake haikuwa mbali. Mimi nikaenda kidato cha tano. Sasa alifanya kazi katika kituo kimoja cha afya pale mjini. Siku nzima alipaka matone ya damu kwenye slaidi na kuyatazama kwa hadubini, akitafuta vijidudu vya malaria.

Alikuwa akirudi kutoka kazini kama saa tisa alasiri. Nilimkuta au alinikuta, tukala, kisha yeye akaanika nguo zake na mimi nikaendelea kuandika barazani. Siku ya nne au ya tano alivuta kigoda akakaa kando yangu, akaniomba nimweleze kitu ninachokifanya. Alisema watu wakimuuliza habari zangu huwajibu kwamba nasomea umeme, na anaona aibu kwa sababu anajua si hivyo.

Nilimweleza. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tando za antimoni, madini ambayo kamusi zetu huyaita wanja wa manga. Antimoni ni nusu-metali. Inapitisha umeme, lakini kwa uchache, haifikii shaba. Ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote niliigeuza mvuke, ikatua juu ya kibao kidogo cha fuwele, tabaka juu ya tabaka, mpaka nikapata utando wenye unene wa atomi chache. Ukiupunguza unene kiasi hicho, umeme hukosa njia ndani ya utando. Lakini kwenye nyuso zake mbili, wa juu na wa chini, hubaki njia ambazo ni vigumu kuzifuta. Hata uso ukichafuka kidogo, njia ipo, kwa sababu msingi wake ni mpangilio wa elektroni za kitu kizima, si usafi wa ule uso.

Akauliza njia inawezaje kukataa kufutika. Ukutani palikuwa na tyubu ya baiskeli imening'inizwa kwenye msumari. Nikamwambia atazame ile tyubu: unaweza kuibonyeza, kuikunja, kuivuta, lakini tundu la katikati litabaki tundu mpaka siku utakapoikata. Njia zangu zilikuwa na tabia ya namna hiyo. Alifikiri kidogo akakubali, kisha akauliza itakuwaje utando ukizidi kuwa mwembamba.

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri kwa hamu, maana ndiyo ilikuwa tasnifu yangu. Nikamwambia kwamba hapo nyuso mbili hukaribiana mno, njia ya juu na ya chini zikaanza kuingiliana, na zikiingiliana zinafungana. Nikamfungulia mchoro. Ulikuwa na nukta saba, kila nukta utando mmoja, kutoka mnene hadi mwembamba. Nne za kwanza zilikwenda usawa mmoja. Kuanzia ya tano upitishaji wa umeme ulianguka ghafla. Nilimwonyesha ule mporomoko kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Aliutazama mchoro kwa muda mfupi, halafu akaomba daftari. Akashuka na ukucha wa kidole gumba kwenye safu ya tarehe.

"Hizi ni tarehe za kutengeneza au za kupima?"

Nikamjibu ni za kupima. Kutengeneza nilitengeneza zote katika wiki moja, maana mashine ilikuwa ya watu wengi na zamu yangu ilikuwa wiki moja kwa muhula. Mashine ya kupoza na kupimia nilipewa siku moja kila wiki, kwa hiyo kila wiki nilipima utando mmoja.

"Na ulianza na mnene ukamaliza na mwembamba."

"Nilifuata mpangilio."

"Basi mwembamba kuliko wote ndio uliokaa kuliko wote." Akanirudishia daftari. "Sasa hiki kinachoanguka hapa, ni unene au ni kusubiri?"

Aliongeza kwamba kazini kwao damu ikichelewa kwenye kichupa hadi jioni, vijidudu hubadilika umbo, na mtu asiyejua saa iliyotolewa anaweza kuvisoma kuwa aina nyingine. Nilimjibu, tena kwa sauti ya kumfundisha, kwamba tando zangu zilikaa kwenye sanduku kavu lisilopitisha hewa. Akauliza sanduku lilifunguliwa mara ngapi. Lilifunguliwa kila wiki, nilipotoa utando mmoja. Ule wa mwisho ulikuwa umefunguliwa kifuniko mara sita kabla ya zamu yake kufika.

Nilifunga kompyuta nikasema bodaboda wangu ananisubiri. Haikuwa kweli, ilibidi nitembee hadi barabarani kutafuta mwingine. Kabla sijafika Idete nilijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Antimoni inashika kutu kama madini mengine, na kutu ya tabaka mbili tatu, ambayo utando mnene usingeijali, kwa utando wa atomi chache ni sehemu kubwa ya mwili wake. Mimi, niliyekuwa nimelala na zile nukta saba kwa miaka miwili, sikuwahi kuziweka tarehe na unene kando kwa kando.

Siku zilizobaki sikurudi Lumemo. Nilimtumia ujumbe kwamba mama ananihitaji shambani, nami nikaenda kweli shambani, ili ujumbe usiwe uongo.

Niliporudi chuoni, kwenye mji mmoja wa baridi huko ng'ambo, nilimwambia msimamizi wangu kwamba vipimo inabidi virudiwe. Nilimweleza kuhusu tarehe. Alikuwa mzee mkimya ambaye kusifu kulimtoka kwa shida. Akauliza nimelionaje jambo lile, lililowapita wote waliousoma mchoro wangu. Nikasema nilikuwa nyumbani, nikapata nafasi ya kuyatazama mambo upya. Ukilichukua neno moja moja, hakuna lililokuwa la uongo. Kwenye kikao cha kikundi chetu, mbele ya wanafunzi wengine tisa, alilitaja suala hilo na kusema hilo ndilo jicho analolitafuta kwa mtafiti. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kazi ilinichukua mihula miwili mingine. Safari hii kila utando niliufunika kwa tabaka la kinga kabla haujatoka kwenye ombwe la kile chombo, na zamu za kupima nikazipanga kwa kura. Ule mporomoko wa nukta ya tano ukatoweka, ulikuwa kutu. Ya sita nayo ikapanda ikajiunga na wenzake. Ni utando wa saba peke yake, ule mwembamba kabisa, ulioanguka kweli, na uliendelea kuanguka hata nilipotengeneza mwingine kama huo na kuupima siku ya kwanza. Nyuso zake mbili zilikuwa zimefikiana. Tulichapisha makala yenye dai dogo kuliko lile la mwanzo, lakini dai hilo lilisimama.

Katikati ya mihula hiyo rafiki yangu alinitumia ujumbe. Aliuliza hali, akanisimulia mafuriko ya mto Lumemo yaliyofika kwenye ngazi za nyumba ya jirani, halafu mwishoni akaandika: "Vipi zile tando zako? Ilikuwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa wiki tatu tayari. Nikamwandikia: "Bado tunapima." Nadhani nilijiambia kwamba nitamjibu vizuri kazi ikichapishwa, na ilipochapishwa nilijiambia kwamba ni muda mrefu umepita, nitaanzaje. Yeye hakuuliza tena.

Tasnifu ina ukurasa wa shukrani, na wa kwangu ulikuwa mmoja na nusu. Nilimshukuru Mungu, mama yangu, msimamizi, waliofadhili masomo, hata yule mtu aliyekuwa akituletea mitungi ya heliamu ya kupozea mashine. Sentensi ya rafiki yangu niliiandika mara mbili nikaifuta mara mbili. Wakati ule nilijipa sababu: wasahihishaji wangeshangaa kumwona mtu wa maabara ya kituo cha afya kwenye kazi ya fizikia ngumu namna ile. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba nilikuwa nimekwisha sifiwa. Kuweka jina lake kungekuwa kumwambia msimamizi wangu kwamba lile jicho alilolisifu halikuwa langu.

Nilirudi nchini nikapata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Haukupita mwaka, mkuu wa ile shule yetu ya zamani pale Ifakara akanialika nizungumze na wanafunzi wa sayansi. Ilikuwa mchana, ukumbini, wasichana wamejaa hadi madirishani. Mbele walikuwa walimu, na kwenye safu ya tatu wahitimu wa zamani waliopo mjini. Rafiki yangu alikuwa mmoja wao, ametoka kazini na sare yake. Tulikuwa tumesalimiana mlangoni kwa haraka, akaniita Dokta, tukacheka, nikaitwa kwenda mbele.

Nilizungumza vizuri. Nilieleza tando, nyuso, na ule utando wa saba. Kwa kuwa wanafunzi wanapenda kusikia kosa, niliwaeleza na kosa: kwamba kwa miaka miwili nilidhani naona unene kumbe naona kutu, na nikarudia upya. Wakati wa maswali msichana mmoja wa kidato cha sita alisimama, akaniamkia, akauliza, "Dokta, ulijuaje kwamba tatizo ni tarehe?"

Rafiki yangu alikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Nilikuwa na nafasi ya kunyoosha mkono tu, kusema mwulizeni huyo. Nikasema, "Nilikuwa likizo hapo Idete. Nilikaa chini, nikayapitia madaftari yangu pole pole, nikaona tarehe na unene vinakwenda pamoja." Nikawaasa wawe na tabia ya kujikagua.

Walipiga makofi. Nilimtazama. Alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari, naye akapiga makofi. Kilipotolewa chakula nilimtafuta. Nikaambiwa amerudi kazini, zamu yake haijaisha.

Sikwenda Idete siku ile kama nilivyomwahidi mama. Nililala nyumba ya wageni, na asubuhi ya Jumamosi nikachukua bajaji hadi Lumemo. Nilimkuta uani, ametandaza turubai, anaanika mpunga, anaugeuza kwa miguu akitembea mistari mistari. Nilivua viatu nikaingia kwenye mpunga upande wa pili. Tuligeuza mistari miwili.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Ya jana?"

"Ya jana, na ya tasnifu, na ya yote."

Aliendelea hadi mwisho wa mstari kabla hajajibu. Alisema hawezi kusema kwamba ya jana hayakumuuma; kumsikia mtu akilisimulia wazo lako kama lake, na wewe umekaa pale, ni kitu kibaya. Lakini alisema hicho hakikuwa kikubwa. Akasimama.

"Mimi jana ndiyo nilijua kwamba nilikuwa sahihi."

Sikumwelewa. Akarudia, pole pole, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Alisema siku ile nilifunga kompyuta nikaondoka, na sikurudi tena. Akakaa na wasiwasi kwamba amenikera kwa kuingilia mambo asiyoyajua. Baadaye akauliza kwa ujumbe, nikamjibu bado tunapima. Alisubiri. Kisha akasikia nimemaliza, nimetunukiwa, na hakuna neno, akahitimisha kwamba alikosea na mimi kwa huruma sikutaka kumwambia.

"Nilijiona nimeropoka mbele ya msomi," alisema.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelijia. Mwaka uliopita, kazini, aliona slaidi zinatoka na rangi hafifu, na alihisi dawa ya kupakia rangi imeharibika. Zamani angesema siku hiyo hiyo. Safari hii alijiuliza yeye ni nani, waliosoma kumzidi wameziona na wamenyamaza. Alikaa nalo wiki nzima. Mwenzake mwingine ndiye aliyesema, dawa ikabadilishwa, na wagonjwa wa wiki ile ikabidi waitwe mmoja mmoja kupimwa upya. Wengine walitoka mbali, walikuja kwa baiskeli. Hakuna aliyedhurika, alisema, lakini wiki ile ilikuwa yake, na aliijua kuwa yake.

Nilitaka kusema kwamba ilikuwa yangu. Nilipofungua mdomo niliona kwamba hata hilo ningekuwa namnyang'anya. Nikasema tu kwamba ningemletea kila kitu: vipimo vya kwanza, vya pili, makala, avione mwenyewe. Akasema nilete. Mke wa jirani alimpigia hodi akitaka kuazima ungo, wakazungumza kidogo mambo ya jumuiya, akarudi kwangu akaniuliza kama nitakunywa chai. Tulikunywa barazani. Aliniuliza kwa nini utando wa saba haukufika sifuri kabisa, kwa nini bado unapitisha umeme kidogo. Nikamwambia sijui, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyomwambia kuhusu kazi ile ambayo sikuwa nimeipima kabla ya kuitoa.

Wiki hiyo hiyo nilimwandikia msimamizi wangu nikamweleza yote, pamoja na kile kikao alichonisifu. Alinijibu baada ya siku nne. Barua ilikuwa fupi. Alisema angetaka kulijua hilo tangu mwanzo. Kwamba atawaomba wachapishaji waweke tangazo dogo la kumtaja. Na kwamba nimtumie jina la rafiki yangu likiwa limeandikwa sawasawa. Zamani alimalizia barua zake kwa kunisalimia mama. Hii haikuwa na salamu. Maktaba ya chuo nayo ilikubali kubandika karatasi moja ndani ya tasnifu, nyuma ya ukurasa wa shukrani. Tangazo la wachapishaji bado halijatoka.

Mkuu wa shule nilimwandikia pia, nikamwomba awasomee wanafunzi maelezo yangu ya nani aliyeziona tarehe. Alinishukuru kwa hotuba nzuri, akasema watatafuta nafasi, maana kidato cha sita walikuwa kwenye mitihani. Walimaliza, wakatawanyika. Yule msichana aliyeuliza sijui yuko wapi. Pengine yuko mwaka wa kwanza mahali fulani, na anawaeleza wenzake kwamba mtu akikaa peke yake na madaftari yake vya kutosha ataona.

Jumapili ile, kesho yake ya ule mpunga, baada ya misa, nilipita tena Lumemo kumwachia nakala za vipimo, kisha nikaenda Idete. Mama alikuwa amekaa ukumbini anachagua mchele. Aliuliza kwa nini nimekawia siku mbili mjini, nikamsimulia, kuanzia ile siku ya tyubu ya baiskeli hadi mpunga uani. Nilisimulia bila kujipendelea, nadhani. Alisikiliza na vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza hakunilaumu. Aliuliza jambo moja.

"Alikupa chakula?"

Nikamwambia tulikunywa chai, siku zote mbili; hatukula pamoja kama zamani.

Mama akatoa jiwe dogo kwenye mchele akalitupa nje ya mlango.

"Chai si chakula, mwanangu," alisema. "Bado."